KAIMBWA KANATOKA WAPI?

Wengi kati yetu tunapenda kuwa na imbwa ku nyumba. Mimi pia. Mu vakansi nilinunua moja, na ni sababu ya ile imbwa niliomba nafasi mu gazeti letu, ili nieleze ulizo moja ambalo mimi mwenyewe nilisahau kuuliza.

Wale wanaopita njia ya Golf kuelekea Karavia wanajua vijana wanaosimama kando ya barabara na kaimbwa mukononi. Gari ikipunguza mwendo, wanakainua juu. Yule niliyemukuta alikuwa na katoni yenye tuimbwa tuwili: kamoja keusi kabisa, kengine ka rangi ya udongo na muguu mumoja mweupe. Jua lilikuwa kali, na hakukuwa hata kopo ya maji.

— Yaya, angaria, hii ni berje alema ya kweli! Iko na myezi tatu.

— Bei gani?

Alianza na dola 30, tukasikilizana ku dola 15. Zilikuwa feza zangu za kuuzisha mayi baridi mu vakansi yote. Nilichagua kale ka muguu mweupe. Kusema kweli nilikahurumia, na nikajiona mutu mwema sana.

Usiku kalilia mpaka asubuhi. Bukari kalikataa, ndagala kalikataa, kalinyonya tu kidole changu. Siku ya tatu nikakapeleka kwa yaya mumoja wa avenue yetu, anayesoma kazi ya munganga wa nyama ku Université ya Lubumbashi. Akakafungua kinywa, akacheka.

— Berje gani? Hii ni imbwa ya kwetu. Na ile myezi tatu ni bongo.

Akanifundisha kwamba meno ya imbwa ni sawa kitambulisho chake. Meno ya kwanza yanaanza kutoka karibu juma la tatu, na kufika majuma sita mpaka nane yako yote 28, membamba na makali kama shindano. Kati ya miezi tatu na ine yanaanza kuanguka, na makubwa yanaingia mahali pake mpaka miezi sita au saba, jumla 42. Kangu kalikuwa na meno ya mbele tu, ya nyuma hayajatoka bado. Majuma ine, labda tano. Hakukustahili hata kuachana na ziwa la mama.

Kumbe inapasa kaimbwa kakae na mama yake karibu majuma nane. Si maziwa tu. Ni pale, wakicheza na ndugu zake, kanajifunza kutouma kwa nguvu: kakiuma sana, mwenzake analia na kuacha muchezo. Kaimbwa kalichotoshwa mbele ya wakati mara nyingi kanakuwa imbwa ya woga, na imbwa ya woga inauma. Tena katoni ile ya barabarani ni hatari. Kuna ugonjwa unaoitwa parvo, ulioenea dunia nzima tangu mwaka 1978. Unaua tuimbwa kwa kutapika na kuhara damu, na mdudu wake anaweza kukaa mu udongo miezi mingi. Kale kalichouzishwa jana kanaweza kumuachia ugonjwa kale ka leo.

Juu ya neno «imbwa ya kwetu», yule yaya alinieleza habari iliyonishangaza. Huko Ulaya na Marekani kuna imbwa ya bei kali inayoitwa basenji, maana yake washenzi, lile tusi tunalolijua. Ni imbwa ya vijiji vya Kongo, ile isiyobweka. Wazungu walipeleka mbili Uingereza mwaka 1895, zikakufa mbio kwa ugonjwa. Walirudilia, na mwaka 1937 zilionyeshwa London, watu wakasongamana kuziangalia. Lakini zilizochukuliwa zilikuwa kidogo sana, wakazizalisha zenyewe kwa zenyewe, na ugonjwa wa figo ukaenea kati yao. Ndipo mwaka 1987 na 1988 Wamarekani walikuja mu kaskazini-mashariki ya inchi yetu, wakati ule Zaire, kutafuta imbwa zingine mu vijiji. Hata wao, pamoja na vitabu vyao vya ukoo, walilazimishwa kurudi kuuliza mama ni nani. Na sisi huku tunadanganywa na jina la berje alema!

Sasa kichaa cha imbwa, ile tunaita raje. Wengi wanazani inaletwa tu na imbwa mukubwa mwenye mate mengi. Hapana. Kaimbwa pia kanaweza kuwa nayo, na ugonjwa unaweza kukaa mu mwili majuma au miezi bila kuonekana. OMS inahesabu karibu watu 59,000 wanaokufa kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na imbwa, wengi mu Afrika na Asia. Kati ya watu kumi wanaoumwa na nyama anayezaniwa kuwa na raje, ine ni watoto chini ya miaka 15, ni kusema sisi na wadogo wetu. Alama zikisha kuonekana, ni karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo ukiumwa, osha kidonda na maji na sabuni dakika 15, hata kama ni kidogo, na wende ku lopitali siku ile ile kwa shindano. Usingojee kuona imbwa itakuwa namna gani. Sasa, imbwa ya barabarani, nani atakuambia kama mama yake alipigwa shindano? Yule kijana kesho hayuko pale.

Majuma mawili kisha, nilipita karibu na Karavia na kaimbwa kangu ku kamba. Zamu wa lupango moja akaniita.

— Mwanangu, kale kaimbwa ulikatosha wapi?

— Nilikanunua, baba, hapo ku njia.

— Ulimuuliza yule mutu mama yake iko wapi?

Sikuwa na jibu. Akapiga mluzi, na nyuma ya kibati ikatoka imbwa ya rangi ya udongo, maziwa yake yakiningʼinia bado, na muguu mumoja mweupe. Ilizaa tano. Usiku mumoja, wakati yeye alikwenda kuteka maji, mbili zilipotea.

Sitaficha: wazo langu la kwanza lilikuwa dola 15. Nililipa, si niliiba. Lakini kununua kitu cha kuibwa ni kusaidia mwizi, na hata Torati, Kumbukumbu sura ya 22, inaagiza kumurudishia mwenzako nyama wake aliyepotea, si kujifanya kama hukumuona. Na ile huruma yangu? Yule kijana hana kazi, simuhukumu. Lakini alipopata feza yangu alijua kwamba kazi ile inalipa. Nilikahurumia kamoja, nikatuma watafute kengine.

Nilimurudishia. Mama alikanusa mara nyingi, kisha akalala chini ili kanyonye. Zamu akaniambia: nirudi kisha majuma matatu, atanipa kaleka kale, nitamupa kitu kidogo tu, kwa sababu kambo yake alimufundisha kwamba imbwa haitolewi bure. Lakini kwanza nimuonyeshe mahali kitalala, na nimuahidi kukapeleka kwa shindano kakifika miezi tatu.

Nilikachukua mwezi uliopita. Sasa kanakula bukari bila shida. Kila nikipita pale, zamu ananiuliza kama sijaona kale kengine, keusi. Ninaangalia ku njia yote ya Golf, sijakaona bado.