Shairi Moja, Kazi Mbili

Mwanafunzi wa sekondari nchini Kenya akifika kwenye ushairi katika mtihani wa fasihi huulizwa swali linaloonekana jepesi: shairi hili ni la aina gani? Atahesabu mishororo. Mitatu ni tathlitha, minne tarbia, mitano takhmisa. Lisipokuwa na vina ataandika "shairi huru" na kuendelea na swali linalofuata. Kwake yeye yote hayo ni mashairi. Mjuzi wa tungo za Mombasa au Lamu aliyefunzwa kwa masikio kabla ya vitabu atampinga papo hapo.

Neno "shairi" lenyewe lina asili ya Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kuhisi na kutambua. Lilipozoeleka pwani ya Afrika Mashariki lilipewa kazi mbili, na hapo ndipo penye utata.

Kazi ya kwanza ni finyu. Shairi ni bahari, yaani umbo la utungo, moja miongoni mwa bahari nyingi: ubeti wa mishororo minne, kila mshororo mizani 16, nane upande wa ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na nane upande wa utao, nusu ya pili, wenye vina vya kati na vya mwisho. Muyaka bin Haji wa Mombasa aliipa bahari hiyo nguvu mwanzoni mwa karne ya 19, akaijaza siasa za mji, biashara, mapenzi na vijembe. Utendi, au utenzi, una umbo lake jingine, la vipande vifupi vya mizani nane vinavyoweza kubeba kisa kirefu. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, ni mfano wake mashuhuri, na kwa maana hii finyu hauwezi kuitwa shairi.

Kazi ya pili ni pana: shairi kama jina la jumla la kila utungo wenye beti, kuanzia wimbo hadi utenzi. Maana hii ndiyo iliyotawala shuleni na vyuoni.

Mwaka 1954 Amri Abedi alichapisha kitabu cha sheria za kutunga mashairi, akishikilia kwamba shairi ni wimbo na lazima liimbike. Miaka 20 baadaye Euphrase Kezilahabi akatoa "Kichomi", diwani iliyoachana na vina na mizani. Ubishi ukawaka. Mwaka 1979 Mulokozi na Kahigi walitetea mabadiliko katika "Kunga za Ushairi", wakisema vina na mizani si sharti la ushairi. Sehemu ya moto ule ilitokana na neno lenyewe. Mwanajadi, mtetezi wa vina na mizani, akisema "hili si shairi" aliweza kuwa anataja bahari tu, lakini kijana aliyetunga alisikia kwamba kazi yake inanyimwa hadhi ya sanaa. Hata hivyo, si haki kuwafanya wanajadi watu wa kuhesabu silabi tu. Walitetea utungo wa kughaniwa mbele za watu, na jambo hilo lina uzito wake hadi leo.

Ibrahim Noor Shariff alipendekeza njia bora katika "Tungo Zetu" mwaka 1988: jina la jumla liwe tungo, na shairi libaki kuwa bahari mojawapo. Pendekezo hilo lilistahili kupokelewa kwa mikono miwili. Kitenzi "kutunga" hakibagui. Hutungwa wimbo, hutungwa utenzi, hutungwa ngonjera.

Wala bahari ya zamani haikuwa gereza la mawazo. Abdilatif Abdalla alifungwa nchini Kenya mwaka 1969 kwa sababu ya waraka wake "Kenya: Twendapi?" Tungo alizoandika kifungoni zilichapishwa mwaka 1973 kwa jina la "Sauti ya Dhiki", mwaka mmoja tu kabla ya "Kichomi". Zimejaa Kimvita, lahaja ya Mombasa, pamoja na vina na mizani, na ni miongoni mwa maandishi yaliyoikabili serikali kwa ujasiri mkubwa kabisa katika Kiswahili.