Upepo Unaposomwa Kama Maji

Katikati ya kioo cha mita ya maji kuna kinyota kidogo. Maji yakipita, hata yale ya kuoshea kikombe, kinyota kinazunguka. Asubuhi moja huko Kimara, Dar es Salaam, baada ya siku kadhaa za mgao wa maji, fundi bomba mmoja aliniita nikitazame. Koki ya uani ilikuwa wazi na ndoo tupu imetegwa chini yake. Koki ilikuwa inafoka na kukohoa, haidondoshi hata tone. Kinyota nacho kilikuwa kinazunguka kwa kasi hata ncha zake hazionekani.

“Tazama namba nyekundu, dada,” aliniambia. Namba nyekundu zinahesabu lita. Zilianza kusogea ndoo ikiwa bado kavu.

Malalamiko ya kulipia hewa nimeyasikia miaka mingi, kwenye daladala, saluni na mikutano ya mtaa, na nilikuwa nayachukulia kama maneno ya watu wenye hasira. Kumbe hasira hiyo ina gurudumu.

Fundi alitoa mfukoni mita kuukuu aliyokwisha kuifungua. Ndani yake mna gurudumu la plastiki lenye mapezi, jepesi, linaloenea kiganjani. Maji yanayasukuma mapezi, gurudumu linazunguka, na mzunguko huo unapelekwa kwenye namba za juu. Aliiweka mdomoni, akapuliza. Gurudumu likavuma na namba zikasogea. Akanipa na mimi nipulize. Nilipuliza kidogo tu, likaitika vilevile.

“Hii haijui maji,” alisema. “Inajua kusukumwa.”

Bomba likiwa limejaa, hesabu ya mizunguko ni hesabu ya lita, na mita haina kosa kubwa. Taabu inaanza maji yakikatwa. Yaliyobaki kwenye mabomba yanateremka mabondeni, na hewa inaingia kupitia viungo vilivyolegea na koki zilizoachwa wazi. Pampu zikiwashwa tena, maji yanakuja yakiisukuma hewa yote mbele yake. Hewa ni nyepesi, hukimbia kuliko maji, na isipopata njia nyingine inatokea kwenye koki za watu, baada ya kupita kwenye mita zao. Anayeumia zaidi ni wa kilimani, mwisho wa laini, aliyeacha koki wazi usiku ili asikie maji yakirudi. Mwenye simtenki tupu naye yumo, kwa sababu boya likiwa chini njia iko wazi.

Fundi huyu ni mtu wa haki, na hakunificha upande wa pili. Bomba kuu linapokauka, hewa huweza kuvutwa kinyume, na kama hakuna valvu ya kuzuia, gurudumu linarudi nyuma na kumpunguzia mteja. Tena boya la simtenki linapokaribia kufunga, maji yanapita kidogo kidogo mno, gurudumu halisogei, na mwenye nyumba anapata maji ambayo hayakuhesabiwa. Kwa hiyo hasara si ya kila nyumba, wala si sawa kila mwezi. Lakini aliyebahatika hawezi kumfidia aliyeonewa.

Jambo lililoninyima raha hasa ni namna malalamiko haya yanavyojibiwa. Mteja akikataa kulipa, akasema amebambikiwa bili, mita inang’olewa na kwenda kupimwa. Inafungwa kwenye mtambo wa majaribio, inapitishiwa maji yaliyojaa bomba, yasiyo na hewa, ya kiasi kinachojulikana. Inafaulu. Itashindwaje kufaulu? Mteja anaambiwa mita ni nzima, alipe au akatiwe. Hakuna aliyesema uongo hapo, na swali la mteja limebaki palepale. Yeye aliuliza kilichopita kwenye bomba lake siku ile, na akajibiwa habari za chombo.

Jiji hili halikuanza jana kutoaminiana na wauza maji. Sera ya Maji ya 1991 ilileta uchangiaji kwa watu waliozoea kwamba maji ni jukumu la Serikali. Kampuni binafsi ya City Water ilikuja 2003 na mkataba wake ukavunjwa 2005, likafuata shirika la umma la DAWASCO, kisha mamlaka ya maji, DAWASA, ikabeba yote 2018. Mwishoni mwa 2022 Mto Ruvu ulipungua na mgao ukabana mitaa mingi. Anayesema wananchi hawataki kulipia maji aende akatazame mikokoteni ya maji. Madumu hamsini ya lita ishirini ni uniti moja, na watu hao hao wananunua dumu mojamoja kwa bei inayoiacha mbali bei ya bomba. Wanalipa kwa sababu dumu wanaliona limejaa.

Sasa habari ya mjini ni LUKU ya maji, yaani mita ya kulipia kabla kama ile ya umeme. Wengi wanaifurahia, wakiamini itamaliza ubishi. Fundi ana wasiwasi. Kama ndani ni gurudumu lile lile, hewa itakula salio kabla mtu hajaamka, na hakutakuwa na bili ya kupinga. Kule Phiri, Soweto, Afrika Kusini, wakazi walizipeleka mita za kulipia kabla mahakamani, wakashinda Mahakama Kuu 2008, wakashindwa Mahakama ya Katiba Oktoba 2009. Kesi yao ilihusu kiasi cha maji ambacho binadamu anastahili, si hewa. Zipo mita zisizo na gurudumu, zinazopima kwa mawimbi ya sauti, na nyingi zinatambua bomba tupu. Ni za bei kubwa. Fundi hajawahi kuifunga hata moja mtaani kwake.

Dawa anayoitaka yeye ni valvu za kutolea hewa kwenye sehemu za juu za mabomba makubwa, hewa itoke kabla haijafika majumbani, na bili ionyeshe siku ambazo maji hayakutoka. Yote mawili yako mikononi mwa mamlaka. Mwananchi amebakiwa na koki: maji yakikatika afunge, yakirudi asubiri kwanza hewa itoke kwingine.

Mama mwenye nyumba, aliyekuwa amesimama nasi muda wote huo, aliuliza, “Nikifunga mimi, hewa inatokea kwa nani?”

“Kwa jirani, mama.”

“Na jirani nikimwambia afunge?”

“Itasubiri humo humo bombani. Atailipia atakayefungua wa kwanza.”

Mama akasema hapa wa kwanza kufungua ni yule mjane, mama lishe, maana anaanza kupika saa kumi alfajiri, na akamuuliza fundi amwambie nini.