Bibi Wazee Wachezapo Ngoma

Katika Kitabu cha Kutoka twasoma ya kuwa Musa aliposimama mbele ya Farao alikuwa na umri wa miaka 80, na Haruni nduguye miaka 83. Tena alikuwako dada, aliyesimama kando ya mto kukilinda kisafina cha mtoto Musa. Tukikubali pamoja na walimu wengi wa Kanisa ya kuwa dada yule ndiye Miriamu, basi alikuwa amepita miaka 80 siku ile wana wa Israeli walipovuka Bahari ya Shamu. Naye ndiye aliyetwaa tari, na wanawake wote wakamfuata wakicheza. Picha nyingi zamwonyesha kama msichana mwembamba. Wachoraji hawakupiga hesabu.

Twaianza habari hii kwa Miriamu kwa sababu katika nyumba za Ngara na Biharamulo neno hili halikosekani: "Bibi, wewe na ngoma wapi na wapi?" Hunenwa na wajukuu, na mara nyingine na walimu.

Waliotutangulia katika imani walikuwa na sababu zao za kukataza ngoma. Waliona pombe, matambiko, na mikesha isiyo na adabu. Lakini kwa kuliogopa tawi moja waliukata mti mzima. Hata hivyo uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulipoenea, waliookoka waliimba Tukutendereza kwa furaha ambayo miguu haikuweza kuificha. Kwa upande wa Wakatoliki, hati ya liturujia ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ya tarehe 4 Desemba 1963, iliagiza muziki wa mataifa uheshimiwe. Na mwaka 1988 Roma iliidhinisha utaratibu wa Misa wa Kongo, iliyoitwa Zaire wakati ule, ambamo waamini huenda kwa mwendo wa ngoma.

Sasa tushuke pwani kidogo. Unguja aliishi Fatuma binti Baraka, aliyejulikana kwa jina la Bi Kidude. Wengi walimkadiria kuwa amepita miaka 100 alipofariki tarehe 17 Aprili 2013. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX kwa ajili ya uimbaji wake, lakini kazi yake nyingine ilikuwa ngoma ya unyago: aliufunga msondo mrefu kiunoni, akaupitisha katikati ya miguu, akaupiga mpaka vijana wakachoka kabla yake. Sisi tuna mafundisho yetu ya ndoa, wala hatuna haja ya kuazima unyago. Lakini tazameni jambo hili, ya kuwa bibi yule hakucheza peke yake. Alizungukwa na wanawake wenzake waliojua mapigo yake na kuitikia nyimbo zake.

Ndivyo ilivyokuwa Mombasa pia katika lelemama, ngoma ya wanawake waliojipanga safu na kuchezesha mikono polepole. Vyama vyake, kama Ibinaal Watan na Banu Saada, vilikuwa na vyeo, na wenyeji wake walisaidiana arusini na matangani. Hatusemi yote yalikuwa mema, maana mashindano yao yalikula mali nyingi. Na Dar es Salaam mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa kijana bado, alipotafuta wanawake wa kuingia TANU, alianza na vyama vya ngoma. Alijua huko ndiko wanawake walikokwisha kuzoea kuaminiana.

Kuaminiana huku si jambo dogo kwetu. Katika nchi hizi za kando ya Ziwa bibi wazee wengi wameuawa kwa kuitwa wachawi, na macho mekundu, yaliyoharibiwa na moshi wa kuni, yamehesabiwa kuwa ushahidi. Twajua ngoma haizuii panga. Lakini uvumi wa namna hiyo humwotea mjane akaaye peke yake, ambaye hakuna amwonaye tangu Jumapili hata Jumapili. Bibi anayekutana na wenzake kila juma, asipofika siku moja, wenzake humwulizia kabla jua halijatua. Watoto waliomwona akicheza na kucheka hawadanganyiki upesi wakiambiwa ya kuwa huruka usiku.

Wala wasiseme watu ya kuwa mwili wa mzee hauwezi. Kuna ngoma za kike zisizotaka kuruka. Kwa jirani zetu wa Rwanda, ng'ambo ya mto Kagera, mikono huinuliwa kama pembe za ng'ombe, miguu hukanyaga taratibu, na uzuri wote umo mabegani na shingoni. Mmoja huanzisha, wengine huitikia kwa makofi. Goti lililokuwa gumu asubuhi kwa baridi ya milimani hulegea kidogo kidogo, na nani ajuaye nyimbo za kuitikia kuliko wao?

Basi ninyi walimu na wazee wa kanisa, sikukuu ikija, msiwaite bibi hawa mwisho, jua likiwa kali na watu wamekwisha kwenda kula. Wekeni benchi kivulini na mtungi wa maji karibu yao. Wapeni zamu ya kwanza, maana wao huchoka mapema. Kwaya ya vijana yenye vipaza sauti yaweza kungoja.