Hasara Iliyofichika: Minyoo Bapa wa Ini na Uchumi wa Mfugaji wa Ng'ombe Afrika Mashariki

Utangulizi

Katika machinjio ya Afrika Mashariki, ini la ng'ombe lenye minyoo bapa hutupwa kwa amri ya mkaguzi wa nyama, na tukio hilo huandikwa daftarini. Kumbukumbu hizo ndizo zinazotumiwa mara nyingi kukadiria hasara ya ugonjwa huu. Makala haya yanafafanua kwamba ini linalotupwa ni sehemu ndogo tu ya hasara. Sehemu kubwa hubaki zizini bila kuhesabiwa.

Maisha ya mnyoo

Spishi iliyoenea zaidi katika ukanda huu ni Fasciola gigantica, ambaye huweza kufikia urefu wa milimita 75. Fasciola hepatica hupatikana katika nyanda za juu zenye baridi. Mayai hutoka na kinyesi na kuanguliwa majini, kisha viluwiluwi humwingia konokono wa maji baridi, hasa Radix natalensis. Humo huongezeka maradufu, hutoka, na kujigandisha kwenye nyasi za kandokando ya maji. Ng'ombe akila nyasi hizo, minyoo wachanga hutoboa utumbo, hupenya ini kwa wiki kadhaa, na hatimaye hukaa katika mifereji ya nyongo. Mayai huanza kuonekana kwenye kinyesi baada ya takribani miezi 3 hadi 4.

Kwa sababu hiyo, kiangazi si kipindi cha usalama. Malisho ya miinukoni yakikauka, ng'ombe hukusanyika kwenye mabwawa, kingo za mito na majaruba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, mathalani katika bonde la Usangu nchini Tanzania.

Gharama na mbebaji wake

Ng'ombe mwenye maambukizi sugu hafi kwa urahisi. Hupungukiwa damu, hukonda, hutoa maziwa machache na huchelewa kushika mimba. Maksai naye huchoka mapema wakati wa kulima. Dalili hizo hufanana na za uhaba wa malisho, hivyo mfugaji huzihesabu kuwa njaa ya kiangazi. Aidha, ini likitupwa, anayepata hasara mara nyingi ni mchinjaji aliyekwisha kulipia mnyama mnadani. Taarifa haimrudii mfugaji.

Dawa nayo yaweza kuwa gharama ya bure. Albendazoli huua minyoo waliokomaa tu. Triklabendazoli huua na wachanga, lakini usugu dhidi yake uliripotiwa kwa kondoo nchini Australia mwaka 1995, na baadaye katika nchi nyingine. Mfugaji anayenunua dawa bila kuzingatia umri wa minyoo hulipa bila kupata nafuu.

Hitimisho

Kibali cha kusafirisha mifugo huonyesha mnyama alikotoka. Namba yake ikiandikwa pamoja na matokeo ya ukaguzi wa ini, daftari la machinjio litaonyesha maeneo yenye maambukizi, na maofisa mifugo watajua wapi pa kutoa dawa na ushauri. Hatua hiyo haihitaji maabara mpya. Sharti lake ni moja: kibali kibebe jina la kijiji cha asili, si la mnada wa mwisho pekee. Vilevile, mipango ya umwagiliaji itenge mabirika ya kunyweshea mifugo mbali na mifereji, ili maji yanayokuza mpunga yasigeuke chanzo cha umaskini wa mfugaji jirani.