Jezi Yenye Sahihi ya Kipchoge? Kagua Kwanza, Lipa Baadaye

Umeona tangazo mtandaoni: jezi ya Eliud Kipchoge, ina sahihi yake, eti aliivaa akivunja rekodi ya dunia kule Vienna. Bei ni nafuu ajabu, na muuzaji anataka utume pesa sasa hivi. Ngoja kidogo.

Anza na hadithi yenyewe. Ni kweli Kipchoge alimaliza marathoni Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 mnamo 12 Oktoba 2019, lakini muda huo haukutambuliwa kama rekodi rasmi ya dunia. Kama muuzaji hajui hilo, mbona umwamini kuhusu sahihi?

Kisha kagua haya:

1. Sahihi. Omba picha ya karibu. Wino wa kalamu mara nyingi hupenya nyuzi za kitambaa. Iliyochapishwa mara nyingi huwa laini na sawasawa.

2. Cheti. Hata saiba wanaweza kuchapisha. Tafuta nambari yake kwenye tovuti ya aliyekitoa. Andika anwani mwenyewe, usifungue linki ya muuzaji.

3. Chimbuko. Nani aliipata, wapi, lini? Kuna picha?

Ukiridhika, lipa jezi ikiwa mkononi. Unapolipa, soma jina linalotokea kwenye simu. Kama silo ulilopewa, sitisha. Mpokeaji akishatoa pesa hizo, kukurudishia huwa kibarua kigumu hata kwetu. Akikukataza kukagua, achana naye.