Mama Aliyesikia Harufu

Leo twataka kusema nanyi juu ya maradhi ambayo mtoto huzaliwa nayo ilhali kwa macho yu mzima kabisa. Ananyonya vizuri, na majirani wanampongeza mama. Kisha miezi inapita, na akili yake haifunguki.

Huko Norway alikuwako mama, Borgny Egeland, mwenye watoto wawili wa namna hiyo. Alizunguka kwa matabibu asipate jibu, naye alikuwa akisikia harufu ngeni kwa watoto wake. Mwaka wa 1934 alimfikia Dk. Asbjørn Følling, tabibu aliyesomea pia kemia. Huyu alitia dawa yenye chuma katika mkojo wao, ukageuka kijani, rangi asiyoitazamia. Akaomba mkojo mwingine, na mwingine tena. Mama akaleta chupa baada ya chupa mpaka siri ikajulikana.

Katika nyama, mayai, maharagwe, hata katika maziwa ya mama, mna kitu kiitwacho fenilalanini. Mwili huigeuza iwe kitu kingine cha kufaa. Watoto hawa hawana uwezo huo, basi inajaa katika damu na kuudhuru ubongo. Ugonjwa huitwa feniketonuria.

Je, nani alaumiwe? Twauliza kwa kuwa twajua kwetu kidole huelekezwa kwa nani. Mtoto haupati ila arithi kasoro kwa baba na kwa mama pia, nao wenyewe ni wazima wala hawana habari. Katika kila mimba yao, hatari ni moja katika nne. Mume anayemrudisha mkewe kwao kwa ajili ya mtoto kama huyu amesahau nusu yake mwenyewe.

Lakini kujua jina la ugonjwa si kuutibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mjini Birmingham, Uingereza, mama mwingine alimngojea Dk. Horst Bickel asubuhi mlangoni pa maabara, akimwuliza amepata nini. Binti yake hakuweza kusimama. Daktari na wenzake wakatengeneza chakula kilichopunguzwa fenilalanini, na baada ya miezi mtoto akatambaa, akasimama.

Ubongo ulioharibika haurudi ulivyokuwa. Ndiyo maana kipimo cha Dk. Robert Guthrie wa Marekani, cha miaka ya 1960, kilikuwa cha thamani: tone la damu kutoka kisigino cha mtoto mchanga, juu ya karatasi. Leo nchi nyingi hupima hivyo, na mtoto aliyeanzishwa chakula chake mapema husoma kama wenzake.

Kazi hubaki jikoni, nayo ni nzito: kupima kila kijiko, kumnyima mtoto yai ambalo ndugu zake wanakula, na kumweleza nyanya kwamba huo si uchoyo. Na binti akikua, lazima ashike chakula hicho kwa ukali kabla ya kupata mimba, maana damu yake yaweza kumdhuru aliye tumboni, hata kama huyo hakurithi ugonjwa.