Mninga Usibebe Mzigo Peke Yake

Msafiri aingiaye Tabora hulakiwa na kivuli cha miembe. Mti huo ulienea hapa katika karne ya 19 pamoja na misafara ya pembe za ndovu iliyopita kati ya Bagamoyo na Ujiji, mizigo ikiwa mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi. Walioipanda wamekwisha kufa. Kivuli twakifaidi sisi.

Je, sisi tutawaachia nini watakaotufuata? Swali hili latujia kila tuonapo kitanda kipya cha mninga. Hatuna neno na fundi: mbao zake ni nzuri, hazipindi ovyo, wala mchwa hawazili upesi. Lakini mninga hukua polepole mno. Kwa miaka kadhaa mche wake hufa sehemu ya juu kila kiangazi, mizizi ikijijenga chini, ndipo shina lisimame. Mpaka ufae kupasuliwa mbao, huenda ikapita miaka 70 au zaidi. Na msitu huo huo ndio utoao kuni za kukaushia tumbaku, magome ya mizinga na maua ya nyuki.

Mwanzi ni kinyume chake. Chipukizi hufikia urefu wake wote katika miezi michache, na baada ya miaka 3 hadi 5 hukomaa kwa kujengea. Ukikatwa, huchipua tena kutoka chini ya ardhi. Wafaa kwa dari, uzio, viti na vitanda.

Hatusemi kwamba hauna dosari. Uliokatwa ungali mchanga hupekechwa na wadudu, na uliochimbiwa ardhini huoza upesi. Basi na ukatwe uliokomaa, wakati wa kiangazi, utiwe dawa ya boraksi, na nguzo ikalishwe juu ya jiwe. Kwa kuwa kiangazi cha Tabora ni kirefu, yafaa upandwe mabondeni penye unyevu. Mafundi nao wafunzwe kuutoboa na kuufunga, maana ukipigwa msumari hupasuka.

Kwa hiyo twaviomba vyama vya ushirika, shule na vyuo vya ufundi vianzishe vitalu vya mianzi sasa. Mninga tusiukatae, bali tuuweke kwa kazi isiyo na badala. Katika msafara mzigo uligawanywa kwa mabega mengi. Msitu wetu nao wastahili kupata wa kuupokea.